Ng'ombe Wawili

Katika sura ya tatu ya tasnifu yangu ya uzamili niliandika kwamba majaribio yalifanywa kwa mbavu 20 "zilizotoka kwa ng'ombe tofauti". Niliyachagua maneno hayo kwa sababu hayakuwa uongo. Ng'ombe walikuwa tofauti kweli. Walikuwa wawili.

Mimi ni daktari wa meno. Kliniki yangu iko Buruburu, juu ya duka la dawa, na wagonjwa wangu hutoka Umoja, Donholm, Jericho, Kayole na Dandora. Wengi huja kung'olewa. Wachache, wale wenye mkopo wa sacco au mtoto aliye ng'ambo, huja kuulizia jino la kupandikiza: skrubu ndogo ya titani hutiwa ndani ya mfupa wa taya, mfupa ukashikana nayo, kisha jino la bandia likafungwa juu yake. Hapa Nairobi jino moja la namna hiyo huweza kupita shilingi laki moja. Anayelipa pesa hizo anastahili kuambiwa ukweli, na kuna mmoja ambaye sikumwambia. Nitafika kwake. Kwanza mbavu.

Mfupa wa taya si mmoja kwa watu wote. Tangu mwaka 1985 madaktari wamekuwa wakiupanga kwa ngazi nne za Lekholm na Zarb: ngazi ya kwanza ni mfupa ulioshikamana, mgumu karibu wote, na ya nne ni ganda jembamba lililofunika mfupa laini wenye vitundu vitundu. Skrubu ikitiwa kwenye mfupa wa ngazi ya nne huchezacheza. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hutoboa tundu jembamba kuliko kawaida, ili skrubu ijibane yenyewe inapoingia. Nilitaka kujua mbano huo huongezeka kwa kiasi gani. Swali dogo, la mwanafunzi, na hata leo naliona kuwa swali zuri.

Hutoboi taya za watu ili ujaribu. Kumtoboa mnyama aliye hai nako kuna mlolongo wake: Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, inadai leseni, kamati ya maadili ina maswali yake, na mnyama anahitaji banda, chakula na daktari wa mifugo. Ubavu wa ng'ombe uliokwisha kuchinjwa hauna hayo yote. Una ganda gumu nje na mfupa laini ndani, kwa mpangilio unaokaribiana na wa taya ya binadamu, na kwa sababu hiyo watafiti wa nchi nyingi huutumia. Wenye fedha hununua vipande vya povu gumu vilivyotengenezwa kwa kiwango kimoja, kila kipande sawa na mwenzake. Mimi nilikuwa na Burma.

Anayeijua barabara ya Jogoo anaijua Burma. Ukishuka kwenye matatu, moshi wa nyama choma unakupokea kabla hujauliza njia. Nilikuwa na mwenye bucha wangu huko, mtu wa maneno machache na kisu kikali, na nilimweleza kwamba nataka mbavu nzima, zisizopasuliwa kwa shoka, zenye kubaki na nyama kidogo ili zisikauke. Akanitazama. "Daktari, hii ni supu gani?" Nilipomwambia ni za masomo akazichukulia kwa uzito kuliko mimi. Aliniletea mfuko mmoja wenye mbavu kumi. Baadaye akaniletea mwingine wenye kumi.

Vifaa vya kutobolea vilikuwa vya kuazima. Seti ya matundu membamba ilinifikia kwanza, nikautumia mfuko wa kwanza wote kwa matundu membamba. Seti ya kawaida ilipopatikana, mfuko wa kwanza ulikuwa umekwisha, nikafungua wa pili. Kila ubavu ulipata skrubu mbili. Skrubu 20 huku, skrubu 20 kule. Kwa macho ilikuwa mizani iliyotulia. Sikupiga hata shilingi hewani kuamua ubavu upi upate tundu gani. Kitu pekee kilichoninyima usingizi wakati huo ni stima, kwa sababu ilipotea usiku mmoja na friza ikaanza kutoa maji. Nilihofia mbavu zimeharibika. Kumbe kugandisha na kuyeyusha mara moja hakupunguzi sana nguvu za mfupa. Kinachouharibu ni kukauka. Nilikuwa nimekodolea macho mlango usiokuwa na mwizi.

Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Skrubu za matundu membamba zilibana kwa mbali kuliko zile za kawaida, na programu ya takwimu ikanipa zile nyota tatu ambazo mwanafunzi huziota. Msimamizi wangu alinipongeza. Mama yangu aliwatangazia wenzake wa kanisani tarehe ya mahafali kabla chuo hakijaitangaza.

Wiki chache kabla ya kutetea tasnifu nilirudi Burma kutafuta ubavu mmoja wa kupiga picha. Mwenye bucha akaniuliza, "Unataka kama ule mfuko wa kwanza au wa pili?"

Nikamuuliza kuna tofauti gani.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa ndume, mnyama wa nguvu kutoka Kajiado. Wa pili ni ng'ombe wa maziwa wa huko Kiambu, mzee, amezaa mpaka amechoka. Nilikukatia za mnyama mmoja kila mara ili zifanane. Ulisema ni za masomo."

Alinifanyia hisani. Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, yaani mbavu 26, kwa hiyo kumtolea mtu kumi kutoka kwa mnyama mmoja si kazi. Na kwa akili ya kawaida alikuwa na haki: ukitaka vitu vya kulinganisha, utataka vifanane. Mimi ndiye niliyepaswa kumweleza kwamba nilitaka wanyama wengi, na ubavu mmoja tu kwa kila mnyama.

Nieleze kwa nini tumbo lilinikata pale kaunta. Chukua mtu anayetaka kujua kama watu wa Umoja hulala mapema kuliko wa Kayole. Anaingia nyumba moja Umoja, anawahoji watu kumi wa familia hiyo, kisha nyumba moja Kayole, anawahoji kumi wengine, halafu anatangaza kwamba amehoji watu 20 na ameona tofauti kubwa kati ya mitaa miwili. Amelinganisha nyumba mbili. Mimi sikuwa nimelinganisha tundu jembamba na tundu la kawaida. Nilikuwa nimelinganisha ndume wa Kajiado na ng'ombe mkongwe wa Kiambu, ambaye kalsiamu yake ilikuwa imeingia katika maziwa ya chai ya watu kwa miaka. Mfupa wa ndume ungebana skrubu zaidi hata kama ningetoboa matundu yote kwa kipimo kimoja. Ile programu haikuwa na namna ya kujua. Niliiambia nina vitu 40 visivyohusiana, nayo ikaniamini.

Kosa hili lina historia yake. Mwaka 1984 mwanaikolojia Mmarekani, Stuart Hurlbert, alipitia tafiti za wenzake akakuta kwamba karibu nusu ya zile zilizotumia vipimo vya takwimu zilikuwa zimehesabu namna hiyo, zikirudia kupima kitu kilekile na kukiita vingi. Mwongozo wa kuripoti majaribio ya wanyama unaoitwa ARRIVE, uliotolewa Uingereza mwaka 2010 na kuandikwa upya mwaka 2020, unamtaka mtafiti aseme waziwazi kipimo chake kimoja ni nini: ni mnyama, ni mfupa, au ni skrubu? Hayo yote niliyasoma baada ya Burma, usiku uleule, na niliyaelewa. Sina kisingizio cha ujinga. Kabla ya siku ile nilikuwa nimekosea. Baada yake nilikuwa nadanganya.

Kwa nini nilinyamaza? Karo ya muhula mwingine. Msimamizi aliyekuwa safarini. Vifaa vilivyokwisha kurudishwa kwa wenyewe. Sababu hizi zote ni za kweli, na zote kwa pamoja hazizidi uzito wa sababu ya nne, ambayo ni aibu. Nilirudi nyumbani nikafungua sura ya tatu. Palikuwa pameandikwa "mbavu 20 za ng'ombe". Nikaongeza "zilizotoka kwa ng'ombe tofauti". Angalia basi: kabla sijajua ukweli sentensi ilikuwa na pengo. Nilipoujua, nikaliziba.

Siku ya utetezi mtahini wa nje, mzee mpole aliyekuwa akifunua kurasa kwa kulowesha kidole, aliniuliza, "Mbavu hizi ulizipata kwa ng'ombe wangapi?" Nikajibu, "Mbavu 20, Profesa, kutoka soko la Burma." Akatabasamu kwa ajili ya Burma. Mtu mwingine akadakia kuhusu mutura wa pale, chumba kikacheka, swali likapita. Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi, na kila mara ninaona kwamba mlango ulikuwa wazi na nilikuwa nimeombwa kwa upole nipite.

Hata kama ningekuwa na ng'ombe 20, kulikuwa na kosa la pili chini ya lile la kwanza, na hili ndilo lililomfikia mtu. Mfupa uliokufa unaweza kukujibu swali la siku moja tu: skrubu imebana kiasi gani leo? Hauwezi kukuambia itakuwaje baada ya mwezi, kwa sababu ndani yake hakuna damu, hakuna chembe za kula mfupa wa zamani wala za kujenga mpya. Kwa mtu aliye hai, mbano wa siku ya kwanza hupungua. Mfupa uliojeruhiwa na kubanwa huliwa kwanza, mpya hujengwa baadaye, na katikati, yapata wiki ya tatu au ya nne, skrubu huwa dhaifu kuliko ilivyokuwa siku ilipotiwa. Ukiibana kupita kiasi kwenye mfupa mgumu, unaminya mishipa midogo ya damu, na mfupa ulio karibu na skrubu unaweza kufa. Ubavu wa bucha hauwezi kufa mara ya pili. Kwake, kubana zaidi ni kuzuri daima.

Jino la kupandikiza lenyewe lilianzia kwa mnyama aliye hai, si mfupa wa sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mswidi, Per-Ingvar Brånemark, alitia vyombo vidogo vya titani kwenye mifupa ya miguu ya sungura ili atazame damu inavyotembea ndani ya mfupa. Alipotaka kuvitoa havikutoka; mfupa ulikuwa umeshikana navyo. Ilipita miaka ya majaribio, mengine kwa mbwa, kabla hajamtilia skrubu mtu wa kwanza mwaka 1965. Mtu huyo, Gösta Larsson, aliishi nazo zaidi ya miaka 40, hadi alipofariki mwaka 2006. Na sungura naye si shahidi wa kuaminiwa kwa kila jambo: mfupa wake hujijenga upya haraka kama mara tatu kuliko wetu, kwa hiyo wiki sita zake si wiki sita zetu, na mguu wa sungura hautafuni mahindi ya kuchoma. Kila mfupa wa mnyama unajibu maswali fulani na kunyamazia mengine. Mimi niliuliza ubavu wa ng'ombe swali la siku moja, nikaandika jibu kana kwamba ni la maisha. Sura ya tano ya tasnifu ina sentensi inayoshauri matundu membamba "kwa wagonjwa wengi". Niliiandika mwenyewe. Hakuna aliyenishauri.

Sasa yule mgonjwa. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima wa Umoja unavyomwita. Alifundisha hesabu shule ya msingi hadi alipostaafu. Alipoteza jino la chini, nyuma kidogo ya chonge, akakataa meno ya kuvua na kuvaa kwa sababu mume wake marehemu alikuwa akiyaacha kwenye glasi. Alichukua mkopo wa sacco. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa mgumu, aina ambayo haihitaji ujanja wowote. Nilitoboa tundu jembamba. Nilikuwa nimekuwa daktari wa matundu membamba. Nilikuwa nimewafundisha vijana wawili watatu, na mtu akishakuwa na jambo lake hulitafutia kazi hata pasipo na kazi. Kiwango cha kukaza kinachotajwa sana ni nyutoni-sentimita 35. Mkono wangu ulisikia skrubu ikipita hapo na kuendelea kupinga, nami nikafurahi.

Huenda pia joto lilichangia. Tangu mwaka 1983 inajulikana, kutokana na kazi ya Eriksson na Albrektsson kwa sungura, kwamba mfupa ukifikishwa nyuzi 47 za selsiasi kwa dakika moja huanza kuharibika, na mfupa mgumu hupasha moto chombo upesi. Mbavu zangu zilitobolewa zikiwa baridi, zimetoka friza, katika chumba cha Julai ya Nairobi. Mwalimu alikuwa na nyuzi 37 kabla sijaanza.

Wiki ya pili alipiga simu akisema panauma kwa ndani. Baada ya mwezi na kitu skrubu ilikuwa inazunguka kwa kidole. Nikaitoa, nikasafisha, nikampa dawa. Akaniuliza ni kwa nini. Nikamjibu, "Mwalimu, mwili wako umeikataa."

Nataka wenzangu wa kazi hii wasome sentensi hiyo tena, maana sisi sote tumewahi kuisema. Mwili haukatai titani jinsi unavyoweza kukataa figo ya mtu mwingine. Skrubu hushindwa kwa maambukizi, kwa sigara, kwa sukari isiyodhibitiwa, kwa kutafunia mapema, kwa joto la kutobolea, kwa kubanwa isivyofaa. Nyingine hushindwa hata mikononi mwa mabingwa, na siwezi kuapa kwamba ya Mwalimu ingepona kwa tundu la kawaida. Lakini nilikuwa na sababu ya kujishuku mimi, nikaushuku mwili wake.

Miaka miwili baadaye aliletwa na binti yake kwa ajili ya jino jingine. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepinda. Alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika. Hospitali ilitaka kumtilia bamba na skrubu, naye akakataa. "Nikawaambia daktari wangu wa Buruburu alishanieleza, mwili wangu haukubali vyuma." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayejijua. Walimfunga plasta tu. Mfupa uliunga upande. Ule ndio mkono aliokuwa akiandikia ubaoni.

Nilimaliza kumtibu, nikamwomba binti yake aketi naye, nikawaeleza yote tangu Burma. Sikuwa na mpangilio wowote. Nilitaja ndume, ng'ombe wa maziwa, mtahini, tundu. Binti alikasirika, na alikuwa na haki. Alisimama akachukua mkoba. Mwalimu alibaki ameketi.

"Hao ng'ombe walikuwa wangapi?"

"Wawili, Mwalimu."

"Na ukaandika 20."

"Niliandika mbavu 20."

"Ni hiyo hiyo," akasema. Kisha akaniambia nimrudishie pesa za jino, na riba ya sacco juu yake, na nimwandikie barua kwa Kiswahili chepesi kwamba mwili wake hauna neno na vyuma, aipeleke mwenyewe hospitalini. Barua niliiandika pale pale. Pesa nimelipa kwa mafungu na zimekwisha. Kama mkono utavunjwa tena na kunyooshwa ni uamuzi wake na wa madaktari wa mifupa. Kwa umri wake si jambo jepesi, na gharama yake nimeahidi kushiriki.

Chuo nimekiandikia. Niliambatisha takwimu zangu zote nilizozihesabu upya, kazi iliyochukua dakika chache: kila kundi lina mnyama mmoja, na mnyama mmoja kwa mmoja hakuna kipimo cha takwimu kinachoweza kusema lolote. Nyota tatu zimefutika. Sijui wataamua nini kuhusu shahada, nami sitawaombea wanihurumie. Wale vijana niliowafundisha nimewapigia simu mmoja mmoja. Mmoja alinishukuru. Mwingine aliniambia yeye aliacha matundu membamba zamani kwa sababu hakuwa akiyaamini, ila hakutaka kunivunjia heshima.

Nimeanza kurudia jaribio kwa gharama yangu. Safari hii naenda machinjioni Dagoretti alfajiri, nachukua ubavu mmoja kwa kila mnyama, naandika umri kwa meno yake, jinsia na alikotoka kabla mzoga haujaondoka. Kila ubavu unapata tundu jembamba na la kawaida, bahati nasibu ikiamua lipi likae upande upi, ili kila ng'ombe ajilinganishe na nafsi yake. Anayesoma kipimo cha mkazo hajui tundu ni lipi. Hata hivyo jaribio litasema juu ya siku ya kwanza tu, na nimeliandika hilo katika kichwa cha karatasi yenyewe, kwa herufi kubwa.

Kwa mwanafunzi ambaye tayari ana tasnifu yangu ya zamani mezani: sura ya pili, ya mapitio ya maandishi, unaweza kuitumia. Maelezo ya kuhifadhi mbavu katika sura ya tatu ni sahihi, isipokuwa ile sentensi ya ng'ombe tofauti. Sura ya nne yote iache, pamoja na majedwali yake. Ya tano usiisome.